Bendi ya Kampala Inapoalikwa Kupiga Sherehe Ng'ambo: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kupanda Ndege

Mwaliko wa harusi ya kitajiri Dubai, London au Boston kwa kawaida huingia kwa ujumbe mfupi wa WhatsApp: tunawataka tarehe fulani, bei yenu ni ngapi? Usitaje bei siku hiyo. Ukiitaja kabla ya kujua unachotakiwa kufanya, utakuwa umejifunga kwa kamba uliyoisuka mwenyewe.

Uliza kwanza, kwa maandishi. Mlipaji ni nani hasa: familia, kampuni ya matukio au hoteli? Sherehe iko ndani ya ukumbi au nje? Muziki unaanza saa ngapi na unakoma saa ngapi? Wageni ni wangapi? Kuna DJ? Mitambo ya sauti na vifaa vya jukwaani vinatoka kwa nani? Nani anashughulikia viza na kibali cha kupiga muziki? Swali hili la mwisho ndilo wenyeji wengi hawana jibu lake, na safari nyingi hufia hapo.

Kisha piga hesabu ya watu. Bendi kamili ya dansi ina kama watu 12: dramu, tumba, besi, solo, mi-solo (gita la pili linalojibizana na solo), kinanda, saksafoni, tarumbeta, waimbaji watatu na fundi wa sauti. Kila kichwa ni tiketi, viza, bima, kitanda, chakula na posho, kwa hiyo mwenyeji ataomba mpunguze. Mkilazimika kushuka hadi 10, aanze kubaki nyumbani mpiga tarumbeta, maana saksafoni na kinanda wanaweza kuigawana sehemu yake, halafu mwimbaji wa tatu. Mi-solo asiguswe: bila yeye seben, ile sehemu ya magita ya kasi ya kuchezea, inabaki mifupa mitupu. Na fundi wa sauti msimwache nyumbani hata kama mnaahidiwa kuwa huko kuna mafundi hodari. Wapo kweli, lakini hawajui kwamba katika muziki wetu besi na ngoma ya mguu ndizo zinazobeba watu, wala hawajui solo hupandishwa sauti wakati gani. Watawachanganyia kama bendi ya roki na ukumbi utakaa kimya.

Malipo na mkataba

Malipo yagawanywe mara tatu. Nusu ilipwe siku ya kutia sahihi, kabla hamjaomba viza, kwa sababu kuanzia siku hiyo mnakataa kazi nyingine za tarehe hiyo. Asilimia 40 iingie kabla ya siku ya kuondoka Entebbe. Asilimia 10 iliyobaki ilipwe baada ya majaribio ya sauti, kabla ya wimbo wa kwanza. Msikubali salio la "baada ya sherehe". Saa tisa usiku bwana harusi ameshaondoka, baba mtu anasema fedha ziko kwa mpangaji, mpangaji anasema kesho asubuhi, na ndege yenu ni saa mbili asubuhi.

Mkataba utaje mambo ambayo watu huyaona madogo: idadi ya vipindi na urefu wake (vipindi 3 vya dakika 45 ni kipimo kizuri), bei ya kila nusu saa ya ziada na nani mwenye mamlaka ya kuiagiza, chakula cha moto kabla ya kupanda jukwaani, chumba cha kubadilishia nguo chenye kufuli, na watu wawili kwa chumba cha kulala, si wanne. Andikeni pia kama wageni wanaruhusiwa kurusha video mubashara. Bei iandikwe kwa dola, pauni au dirhamu, na itajwe kwamba ni bei baada ya kodi ya huko. Marekani humkata msanii mgeni asilimia 30 ya malipo, Afrika Kusini asilimia 15, na Uingereza asilimia 20 malipo yakizidi kiwango cha msamaha. Kiongozi asiyelijua hili hupokea pungufu na kushindwa kuwaeleza wenzake, nao huanza kumshuku kwamba amewala.

Viza: usiende kama mtalii

Kupiga muziki kwa malipo ni kazi hata kama ni harusi ya binamu yako. Viza ya utalii haiiruhusu, na ofisa anayeona watu kumi wenye magita na sare moja hahitaji kuuliza mengi.

Dubai: hoteli au kampuni ya matukio ndiyo inayoomba kibali cha wasanii katika idara ya uchumi na utalii ya mji huo, na majina yote ya bendi hupelekwa pamoja na nakala za pasipoti. Majina yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye pasipoti. Majina ya jukwaani hayatambuliwi. Mji mwingine wa Emirati una ofisi yake, kwa hiyo kibali cha Dubai hakikupeleki Abu Dhabi.

Uingereza: mwanamuziki wa kulipwa anaweza kuingia kwa viza ya mgeni kwa shughuli maalumu isiyozidi mwezi mmoja, lakini mwaliko lazima utoke kwa shirika la sanaa, wakala au kituo cha utangazaji kilichoko huko. Barua ya baba wa bi harusi haitoshi. Familia itafute wakala wa burudani aandike mwaliko na kusimamia kazi.

Marekani: mdhamini aliye huko hupeleka ombi kwanza kwa idara ya uhamiaji, kwa kawaida la viza ya P-3 kwa kundi linalowasilisha utamaduni wa kwao. Ombi likikubaliwa ndipo kila mtu anakwenda kuhojiwa ubalozini Kampala. Anzeni miezi 6 kabla. Mwenyeji anayewaita wiki tano kabla ya harusi ya Marekani mwambieni ukweli mapema, atafute bendi iliyoko huko.

Kenya na Rwanda ni mlangoni: Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Lakini wapigaji Wakongo, ambao bendi nyingi za Kampala zinawategemea kwa magita, wana masharti ya pasipoti yao wenyewe. Kagueni kila pasipoti siku ya kwanza. Iwe na miezi 6 baada ya tarehe ya kurudi na kurasa mbili tupu. Kadi ya homa ya manjano hukubaliwa kuanzia siku 10 baada ya sindano na haiishi muda maisha yote, kwa hiyo mtu asiye nayo achanjwe mapema, si siku ya safari.

Ala: nini kiruke, nini kikodiwe

Ndege nyingi huhesabu kilo 23 kwa begi la kawaida, na kilo 32 ndiyo mwisho wa kifurushi kimoja, hata ukilipia. Dramu nzima na spika msizibebe. Mpiga dramu abebe vitu vyenye sauti yake: snea, matoazi, pedali ya mguu na vijiti. Mengine yakodiwe huko. Kinanda kikodiwe pia, ila mtajeni aina na toleo, na mpigaji aende na sauti zake kwenye flashi mbili, moja mfukoni na moja begini.

Magita yakae kwenye sanduku gumu. Legeza nyuzi kidogo tu, kama sauti moja na nusu chini; ukizilegeza kabisa shingo hujipinda upande wa pili. Mkifika, msifungue sanduku papo hapo. Liache chumbani saa mbili au tatu lizoee joto, hasa mnapotua London wakati wa baridi, maana mbao iliyotoka baridini ikipigwa na joto ghafla hupasuka rangi na hata kifua. Betri za akiba na pawabanki ziwe kwenye begi la mkononi, kamwe zisiende chini ya ndege. Zisizozidi saa-wati 100 hazina shida. Kati ya 100 na 160 omba ruhusa ya shirika la ndege.

Sasa ngoma za asili, na hapa tusimame, kwa sababu ndipo bendi za Uganda zinapoumia kwa jambo lisilojulikana na wengi. Engalabi, ile ngoma ndefu ya Kiganda, kijadi huwambwa ngozi ya kenge, enswaswa kwa Kiganda. Kenge wa Nile yuko katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea pori. Ngozi yake ikivuka mpaka bila kibali, forodha wana haki ya kuichukua, na wanapoichukua hairudi. Njia ya kwanza ni kuomba kibali: anzeni kuulizia UWA (Mamlaka ya Wanyamapori Uganda), pale Kamwokya, miezi kadhaa kabla, na muulize pia kama nchi mwendako inataka kibali chake cha kuingiza. Njia ya pili, ambayo kwa sherehe ya usiku mmoja ndiyo tunayoipendekeza, ni kuwamba engalabi ya safari kwa ngozi ya plastiki ya dramu. Ngozi ya mbuzi mchanga hukaribia zaidi ule mlio mkali wa kenge, lakini nchi nyingi zina masharti ya afya ya mifugo kwa ngozi mbichi na hasa yenye manyoya.

Sheria hizo hizo huwakuta wachezaji. Ngozi ya mbuzi ya kiunoni kwa ngoma ya Kiganda ya bakisimba, manyoya ya mbuni kwenye vilemba vya Kiacholi, binyege (njuga za miguuni) zenye mbegu ndani, vyote vinaweza kuzuiliwa. Australia ni kati ya nchi kali zaidi. Shonesheni seti ya safari kwa manyoya bandia, na binyege zijazwe shanga za plastiki. Wazee watagundua tofauti ya mlio, ni kweli, lakini bora binyege za shanga jukwaani kuliko binyege za kweli kwenye ghala la forodha.

Kabla ya kuondoka, tengenezeni orodha ya kila ala yenye jina, namba ya kiwandani na picha, mkaionyeshe kwa maofisa wa forodha wa URA (Mamlaka ya Mapato Uganda) uwanjani Entebbe, muondoke na nakala iliyogongwa muhuri. Bila karatasi hiyo, saksafoni mliyoondoka nayo inaweza kurudi ikahesabiwa kuwa bidhaa mpya na kutozwa ushuru. Zoezi hili linakula muda, basi fikeni uwanjani masaa manne kabla ya ndege.

Umeme na mitambo

Dubai na London hutumia plagi ile ile ya pini tatu bapa kama Uganda, na umeme unaokaribiana na wetu, volti 230 hadi 240. Kwa Marekani mambo ni mengine: volti 120 na pini mbili bapa. Soma nyuma ya kila adapta. Ikiandikwa 100–240V, unahitaji kibadilisha plagi tu. Ikiandikwa 240V peke yake, kule haitafanya kazi sawasawa. Hatari zaidi ni kinyume chake: mtu ananunua pedali Marekani yenye adapta ya 120V, anarudi Kampala, anaichomeka ukutani, moshi.

Maiki zisizo na waya nazo zina mipaka. Marekani imezuia sehemu kubwa ya masafa kati ya 617 na 698 MHz tangu Julai 2020, na Uingereza masafa ya 863 hadi 865 MHz ni kati ya yanayotumika bila leseni. Rahisi zaidi ni kukodi huko huko.

Orodha ya chaneli ipelekwe wiki tatu kabla. Kwa bendi kamili ya watu 12 hesabu ni hii:

Dramu 7 (ngoma ya mguu, snea, hai-hati, tamu mbili, maiki mbili za juu)
Tumba 2
Besi 1
Solo na mi-solo 2
Kinanda 2
Saksafoni na tarumbeta 2
Sauti za waimbaji 4, pamoja na mpiga solo anayeitikia
Embuutu (ngoma kubwa ya Kiganda) na engalabi 2
MC 1

Jumla 23. DJ akiongeza zake 2 zinakuwa 25, kwa hiyo miksa ya chaneli 24 haitoshi. Ombeni ya 32. Spika za kujisikilizia ziwe 6, kwenye mistari isiyopungua 4: waimbaji mmoja, dramu na besi mmoja, magita mmoja, kinanda, saksafoni na tarumbeta mmoja. Mistari ikiwa miwili tu, mpiga dramu hatamsikia mpiga solo, na mabadiliko ya kuingia seben yatakwenda kombo mbele ya wageni 500. Jukwaa lisiwe chini ya mita 8 kwa 6. Wachezaji wakiwepo, ongezeni mita 2 mbele.

Siku ya sherehe

Fikeni mjini siku mbili kabla. Tofauti ya saa kati ya Kampala na Dubai ni moja tu, lakini hewa ya ndege na ya kiyoyozi hukausha koo, na waimbaji wanahitaji usiku mzima wa kulala na maji mengi. Boston ni nyuma kwa saa 7 au 8 kulingana na msimu. Huko siku tatu ni bora.

Majaribio ya sauti yadaiwe kabla wapambaji hawajafunga meza, dakika 90 kamili. Mkichelewa, mtakuta maua ya thamani mbele ya spika na mtu wa kuwafokea kila mkigusa kitu. Ngoma za ngozi zipande ukumbini saa hiyo hiyo. Kiyoyozi huikausha ngozi na mlio unapanda. Nje, kwenye unyevu wa pwani ya Dubai, ngozi inalegea na ngoma inakuwa bubu. Engalabi imepigiliwa vigingi, haina skrubu za kukaza. Nyumbani ungeipasha motoni au juani, lakini hotelini moto utaamsha kengele ya moshi na jengo zima litatoka nje. Tumieni mashine ya kukaushia nywele, umbali wa kama sentimita 30, ukizungusha kutoka ukingoni kuelekea katikati, dakika mbili mbili.

Kumbi nyingi za Uingereza zina kifaa cha kupima kelele kilichounganishwa na umeme wa jukwaa. Sauti ikizidi kiwango kwa sekunde chache, umeme unakatika wote. Muulizeni meneja kiwango ni desibeli ngapi na taa yake ya onyo iko wapi, fundi wenu akae anaiona. Kinachovuka mara nyingi ni snea na matoazi, si waimbaji, basi mpiga dramu aende na vijiti vyembamba. Na kumbi nyingi hutaka muziki ukome saa tano au saa sita usiku, hata kama baba wa bi harusi anapunga dola. Mwenye neno la mwisho ni meneja.

Nyimbo: andaeni 40, ingawa mtapiga karibu 24. Kipindi cha chakula kinabeba nyimbo 9 au 10 za taratibu, za dakika nne nne. Vipindi viwili vya kucheza vina nyimbo 6 au 7 kila kimoja, kwa sababu seben haikatwi watu wakiwa wamejaa uwanjani. Zinazobaki ni za maombi na za muda wa ziada. Jifunzeni wimbo wa taifa, na kama familia ni ya Baganda, wimbo wa Buganda pia, katika kii (kimo cha sauti) ambayo wageni wa kawaida wanaiweza. MC huziita bila kuwaarifu, na bendi inayotafuta kii wakati watu wamesimama wima inatia aibu ambayo hakuna seben ya kuifuta.

Waganda walioko mbali na kwao wana njaa ya ngoma ya nyumbani kuliko wa Kampala. Tengenezeni mfululizo wa dakika 12 hadi 15 unaogusa bakisimba, ekitaguriro, larakaraka na kadodi, na msiumalizie kwenye kabila la mwenyeji. Uanzie hapo, ili wageni wengine waone zamu yao inakuja. Kazi kubwa iko kwenye maungio. Bakisimba inahesabiwa kwa tatu tatu, dansi kwa nne, na mpiga dramu asiyefanya mazoezi ya kuvuka hujikwaa. Kama kuna adungu (kinubi cha jadi), mfululizo wote ukae kwenye kii ya adungu, maana mpigaji wake hawezi kubadilisha nyuzi katikati ya wimbo. Kwenye kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kutambulisha mchumba), msemaji wa familia akishika maiki, bendi nzima inyamaze, hata kinanda cha chini chini.

Fedha za kutuzwa ziamuliwe Kampala: kapu moja, mtu mmoja wa kuokota, hesabu mbele ya wote usiku huo huo, mafungu sawa pamoja na fundi. Waulizeni pia wenyeji kama kurusha noti kunaruhusiwa. Nigeria, kwa mfano, kurusha na kukanyaga naira ni kosa la jinai.

Mkaguane mifuko kabla ya safari. Mairungi (miraa) ni haramu Emirati, Uingereza na Marekani. Dawa za maumivu zenye kodini au tramadoli zisibebwe bila cheti cha daktari, na kwa Emirati, ruhusa iombwe kabla. Kosa la mmoja huzuia bendi yote uwanjani.

Kurudi

Asubuhi ya kuondoka, kiongozi ahesabu ala kwa orodha ile ile ya URA, si kwa kukumbuka. Zinazosahaulika sana ni adapta, pedali ya ngoma ya mguu na kisanduku cha mdomo wa saksafoni. Mkibeba taslimu, Emirati hutaka utangaze kiasi kinachozidi dirhamu 60,000 na Marekani kinachozidi dola 10,000. Benki ni salama zaidi. Dai hati ya kodi iliyokatwa huko, kwa Marekani ni fomu 1042-S, kwa sababu URA huweza kuihesabu msije mkatozwa mara mbili kwa kazi ile ile. Kisha walipe wanamuziki ndani ya siku tatu, kila mmoja akitia sahihi karatasi inayoonyesha jumla iliyopokelewa, makato yote na fungu lake.